Waliozaliwa Januari Mosi

Sehemu ya Tisa

Mia sita na kumi na moja.

Apua Losike akafumba macho, akayafumbua, akazisoma tena tarakimu zile kwenye kioo cha laptopu. Bado ni mia sita na kumi na moja. Jana saa kumi jioni orodha hiyo hiyo ilikuwa na watu elfu nne mia tatu na kumi na wawili.

"Dada, ile namba ya kaka yangu," Aluel akasema akiwa mlangoni. "Si ulisema leo?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, wasomaji wangu. Barua zenu nimezipata, hata ile ya bwana mmoja wa Kitale aliyenitukana kwa kuikata hadithi mahali pabaya. Mahali pazuri ni wapi, bwana? Sasa, kwa wale waliofungia samaki ukurasa huu kabla ya kuusoma, nitarudia kwa ufupi. Wengine rukeni mbele, sitawasema.

Apua ni binti wa kijiji cha Nakalale aliyeacha kuchunga mbuzi akaenda kuchunga kompyuta. Amepanga chumba kimoja Kanamkemer, pale Lodwar, na humo ameunda plagini, yaani kipande cha programu kinachobandikwa kwenye tovuti ili tovuti ifanye kazi ambayo yenyewe haikuijua. Tovuti ni ya shirika liitwalo Tuonane. Mtu aliyepotezana na ndugu yake vitani anaandika jina lake, jina la anayemtafuta na nambari ya simu. Plagini inalinganisha majina, na wanaotafutana wanakutanishwa. Jambo jema kabisa. Na jambo jema, kama mnavyojua, halikosi meneja.

Meneja ni Bwana Morgan Omollo, Mtaalamu wa Mifumo, mtu wa kutembea na kadi za jina lake katika kila mfuko, pamoja na mfuko wa pajama. Bwana Morgan aliagiza kwamba nambari ya simu ya mtu yeyote isitolewe mpaka siku ya uzinduzi, mpaka mgeni wa heshima abonyeze kitufe mbele ya kamera. Watu wamepotezana miaka kumi na minne. Watashindwa kungoja siku moja?

Basi jana, katika majaribio ya mwisho hapa Kakuma, Aluel Majok, fundi cherehani wa soko la kambi hii ya wakimbizi, aliona maneno haya kwa macho yake: Alier Majok. Natafuta dada yangu Aluel. Niko Lokichoggio. Ijumaa naondoka na lori kwenda Juba. Aluel alipiga kelele hadi fundi wa jenereta akaja mbio na spana mkononi. Akaomba nambari. Apua, binti mtiifu, akamwambia arudi kesho, uzinduzi ukiisha.

Kesho yenyewe ndiyo leo, Alhamisi, mwezi wa pili mwaka 2013, saa tatu asubuhi. Na mstari ule haupo.

"Dada? Mbona unanyamaza?"

"Ni mtandao," Apua akasema.

Uongo. Lakini Turkana nzima mtandao umeshasingiziwa makubwa kuliko hayo, na hata leo ulikuwa kwenye mfuko wa nailoni, modemu yenyewe, imefungwa kwa kamba juu ya mlingoti wa antena, kwa sababu chini ya hapo ishara haioni haja ya kushuka.

Mlango ukasukumwa. Akaingia Bwana Morgan, suti nyeusi, tai nyekundu, joto la kuivisha yai mchangani.

"Apua! Umeona vile nimesafisha?"

"Umesafisha nini, bosi?"

"Orodha! Leo asubuhi nimewasha ile sehemu yako ya kuondoa marudio. Jina likifanana na tarehe ya kuzaliwa ikifanana, inabakisha aliyejiandikisha kwanza na kutoa wengine. Si uliijaribu Lodwar ukasema imepita?"

"Nilisema."

"Basi! Kumbe watu wa huku ni walafi. Kuna mmoja, Alier Majok, amejiandikisha mara kumi na moja. Jina moja, tarehe moja, Januari mosi 1988. Mara kumi na moja, Apua! Anataka ndugu wangapi?"

Apua akakiacha kioo, akamgeukia.

"Bosi, wewe umezaliwa lini?"

"Agosti kumi na saba. Kwani mnaniandalia keki?"

"Mimi Januari mosi."

"Hongera."

"Mama yangu pia Januari mosi. Baba yangu Januari mosi. Karani alipomuuliza, baba alisema alizaliwa mwaka ule mbuzi walikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Karani hakuwa na kisanduku cha mbuzi kwenye fomu, akaandika Januari mosi. Na huku kambini ni hivyo hivyo. Mtu amefika kwa miguu, cheti hana, karani anakisia mwaka kwa kumwangalia meno, na siku anaweka Januari mosi. Bosi, Kakuma karibu yote imezaliwa siku moja, na majina nayo ni yale yale ya mababu."

Bwana Morgan akafikiri. Ilichukua muda, kwa kuwa hakuwa na mazoezi.

"Sasa mbona Lodwar ilipita?"

Hilo, wasomaji wangu, ndilo swali la pekee la maana alilopata kuuliza tangu sehemu ya kwanza, na Apua alilijua jibu lake, na jibu lilimchoma. Lodwar aliijaribu plagini kwa wafanyakazi kumi na tisa wa ofisi. Mureithi wa mahesabu, Jepkoech wa mapokezi, madereva, makarani, watu wa bara wenye vyeti vya hospitali vilivyotiwa plastiki, kila mmoja na siku yake na keki yake. Mzaliwa wa Januari mosi alikuwa mmoja tu ofisini. Alikuwa yeye mwenyewe Apua. Na mmoja hana wa kufanana naye. Plagini ikapita, akatia sahihi, wakapigiana makofi. Ofisi nzima hakuna mwingine ambaye angeweza kulijua kosa hilo. Yeye alilijua tangu utoto, na hakulikumbuka.

"Ni mimi," akasema. "Kosa ni langu."

"Vizuri, umekiri," Bwana Morgan akasema, akachangamka. "Tutarekebisha toleo la pili."

"Tuna nakala. Ile flashi nyekundu niliyokupa uhifadhi."

"Ile? Nimempa mtu wa spika aweke nyimbo za kukaribisha wageni. Alisema imejaa takataka, akaifuta kwanza."

Nje, spika ikaanza kuimba pambio. Watu elfu nne walikuwa wamegeuzwa kwaya, na sauti ya pili ilikuwa imepanda mno.

Aluel hakuwa ameelewa yote, lakini alikuwa ameelewa uso wa Apua. Akachomoa simu kifuani.

"Dada, mimi pia nilipata kitu hii asubuhi. Unisomee vizuri."

Apua akasoma. *Ombi lako limefungwa. Asante kwa kutumia Tuonane.*

Ujumbe huo aliuandika yeye mwenyewe, Kanamkemer, akinywa chai ya rangi, na aliuona mfupi na wenye adabu. Plagini ilitakiwa kumtumia kila anayetolewa. Ilikuwa imewatumia watu elfu tatu mia saba na mmoja, wote kwa pamoja, kabla ya kifungua kinywa.

Na mmoja wao alikuwa Lokichoggio, akingoja.

"Njooni muone!" Bwana Morgan akaita dirishani. "Nilitegemea watu mia mbili! Wamefika elfu, na bado wanakuja! Huo ndio uhamasishaji!"

Walikuwa wanakuja kweli, wanaume, akina mama na watoto mgongoni, kutoka kila upande wa kambi, simu zimeinuliwa juu. Hawakuja kushangilia. Walikuja kuuliza nani amewafungia.

"Bosi, ahirisha uzinduzi."

"Niahirishe? Mheshimiwa Ekeno Nabei ameshatua! Ndege iko uwanjani! Kamera mbili!"

Mheshimiwa alikuwa mzaliwa wa Lokori, na uchaguzi ulikuwa mwezi ujao. Wakimbizi hawapigi kura, lakini wakisimama nyuma ya mtu kwa wingi wanapendeza kwenye picha.

"Bosi, sikiliza. Waliotolewa hawajafutwa. Plagini inawaweka kando, mahali nilipopaita zizi. Babu yangu hachinji mbuzi kwa sababu anafanana na mwingine, anamtenga kwanza amwangalie vizuri. Wako zizini, na kuwarudisha kwa modemu hii kunataka dakika arobaini. Lakini ulitaka kitufe kikibonyezwa zizi lifutwe kabisa, toleo la kwanza lianze safi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Usafi ni muhimu."

"Basi asibonyeze kabla sijamaliza. Nipe neno la siri la ile laptopu ya jukwaani, nikizime kitufe."

"Apua," Bwana Morgan akasema, akinyoosha tai, "saa nne ni saa nne."

Akatoka. Debe tupu, wasomaji wangu. Hata mngekuwa Lodwar mngelisikia.

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na tano. Hesabu wewe mwenyewe: arobaini na tano zimebaki, arobaini zinahitajika, na modemu iko kwenye nailoni.

Apua akabonyeza. Mstari mwembamba wa kijani ukajitokeza kwenye kioo, ukaanza kutambaa.

"Keti, dada Aluel," akasema. "Namba nitakupa sasa hivi. Ningekupa jana. Nilimwogopa huyo mwenye tai."

Aluel akaketi, akashika simu kwa mikono miwili.

Apua akafungua zizi. Kina Alier Majok wa Januari mosi 1988 walikuwa humo kumi, na wa kumi na moja, yule wa kwanza kujiandikisha, alibaki kwenye orodha. Nambari kumi na moja. Maelezo, yale ya Lokichoggio na lori na Ijumaa, hayakuwepo. Jana, majaribio yalipoisha, Bwana Morgan aliagiza yakatwe ili jedwali lienee vizuri kwenye kioo cha ukutani.

"Tutapiga zote," Apua akasema.

Wa kwanza akapokea upesi, kama mtu aliyelala na simu mkononi. Walizungumza Kidinka. Nawatafsiria.

"Wewe ni Alier Majok?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Una dada anaitwa Aluel?"

"Ninaye! Ninaye!"

"Mama yetu si ni Achol?"

"Ndiyo, Achol! Mama Achol! Uko wapi, Aluel?"

Aluel akaruka, kiti kikaanguka, machozi yakamtoka. Apua hakujua Kidinka, lakini alilisikia jina la Achol likisemwa kwanza upande huu ndipo likasemwa upande ule. Akamshika mkono.

"Umempa jibu mdomoni, dada. Muulize kitu ambacho karani hakuandika popote. Kitu usichomwambia."

Aluel akapangusa uso. Akafikiri. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Dume lako linaitwaje?"

Apua alilitambua swali kwa jinsi sauti ilivyotulia. Kwao Nakalale ni hivyo hivyo. Mwanamume ana jina la kitambulisho, la kuitwa na polisi, na ana jina la dume wake wa ng'ombe, la kuitwa na wanaompenda. Baba yake Apua, Nakalale nzima inamwita Apalopus, mwenye dume la kijivu. Ukimwita kwa jina la kitambulisho anadhani umeleta samansi.



"Mabior," akasema yule mtu. "Mweupe."

"Si wewe," Aluel akasema.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu sauti. Nisamehe, dada. Nilitaka tu iwe."

Akakata yeye mwenyewe. Aluel akamtafsiria Apua maneno hayo, akabaki ameiangalia simu.

Wa pili hapatikani. Wa tatu akapokea akitukana, kwamba mmenifungia ombi langu na sasa mnapiga kunicheka? Alipoulizwa dume akatukana zaidi. Wa nne alikuwa mhubiri Eldoret, akaomba kwanza. Aliomba muda mrefu, akaombea mpaka mtandao, ndipo akasema dume lake ni Malual, mwekundu, amsalimie dada huyo popote alipo. Wa tano hapatikani. Wa sita alipokea mwanamke, akasema Alier huyo ni mume wake, na Aluel huyo ni nani anayempigia mume wa mtu asubuhi? Maelezo yalichukua dakika tatu na hayakusaidia.

Mstari wa kijani ulikuwa umefika robo. Nje, mshereheshaji alikuwa anajaribu maikrofoni, moja, mbili, moja, mbili. Tatu hawakuwahi kumfundisha.

Wa saba. Simu iliita sana. Ilipopokelewa, sauti ya kwanza ilikuwa injini.

"Nani?"

"Wewe ni Alier Majok?"

"Ongea kwa nguvu! Niko juu ya mzigo!"

"Dume lako linaitwaje?"

"Nani anauliza?"

"Jibu kwanza!"

Lori likabadilisha gia. Apua aliisikia kama iko ndani ya chumba.

"Makuei," ile sauti ikasema. "Mweusi, kichwa cheupe. Sikumpata kamwe. Walimchukua akiwa ndama, siku ile ile walipochoma kwetu. Dada yangu alimlilia kuliko mimi."

Aluel akaketi sakafuni. Hakutafuta kiti.

"Nilimlilia kwa sababu wewe ulikataa kulia," akasema. "Ulisema wewe ni mwanamume. Ulikuwa na miaka kumi na moja."



"Aluel?"

"Mbona uko kwenye lori? Uliandika Ijumaa! Leo si Ijumaa!"

"Nilipata ujumbe asubuhi, ombi limefungwa. Nikasema basi, hakuna wa kungoja. Hili lilikuwa linaondoka leo. Tumeshapita Lokichoggio, tunaelekea mpakani. Aluel, ni wewe kweli?"

"Shuka!"

"Sisikii!"

"Alier, shuka! Shuka kwenye hilo lori!"

Simu ikakatika.

Akapiga tena. Hapatikani. Akapiga tena. Yule mama wa kwenye simu, mwenye adabu isiyochoka, akamwambia ajaribu baadaye. Mara tano alimwambia hivyo, na mara tano Aluel alimwitikia ndiyo, kama binti anayemjibu mkwe.

"Alisikia?" akamuuliza Apua. "Wewe umesikia. Alisikia?"

"Sijui, dada."

Angeweza kudanganya tena. Asubuhi ile alikuwa amechoka na uongo wake mwenyewe.

Nje, makofi. Mheshimiwa alikuwa amepanda jukwaani kabla ya saa. Ndiyo, wasomaji wangu, kiongozi wa Kenya alifika mapema, siku moja tu katika historia, na ilikuwa siku hii. Mstari wa kijani ulikuwa umefika nusu na kidogo. Zizini bado walikuwemo watu zaidi ya elfu moja na mia tano. Apua akauangalia mstari, akakumbuka ile sauti ya Mabior, nilitaka tu iwe. Huyo naye ana Aluel wake mahali. Kitufe kikibonyezwa, huyo Aluel hatapigiwa na mtu.

"Njoo na simu yako," akamwambia Aluel. "Inua juu ipate mtandao."

Wakatoka.

Jukwaani Bwana Morgan alikuwa anahutubia. "Mfumo huu umejaribiwa kwa asilimia mia moja! Hakuna aliyeachwa nyuma!" Watu elfu mbili waliokuwa wameachwa nyuma walimtazama na simu zao mkononi. "Sasa namwomba Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, abonyeze!"

Mheshimiwa Ekeno Nabei, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya ya mbuni, akanyoosha kidole. Kamera zikasogea. Apua akapanda ngazi na kuchukua maikrofoni kutoka kwa mshereheshaji, ambaye alimpa kwa heshima akidhani ni zamu ya maombi.

"Mheshimiwa, ejok," akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok noi, binti yangu," Mheshimiwa akasema, kidole bado kiko hewani. "Wewe ni wa wapi?"

"Nakalale. Naomba niwaulize watu jambo moja kabla hujabonyeza."

"Haiko kwenye ratiba!" Bwana Morgan akanong'ona, kwa sauti iliyofika nyuma kabisa.

Apua akageukia umati. "Waliozaliwa Januari mosi wainue mkono."

Akarudia kwa Kiturkana. Mtu mbele akaitafsiri kwa Kidinka, mwingine kwa Kisomali, kijana wa Bukavu akaipigia kelele kwa Kiswahili chao kwa wale wa pembeni. Mkono mmoja ukainuka, wa pili, wa ishirini. Kisha uwanja mzima. Watu wakaangaliana, wakaanza kucheka. Walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi, na miaka ishirini wengine, na hakuna aliyewahi kuwauliza wote kwa wakati mmoja.

Mheshimiwa naye akacheka. Akacheka mpaka kofia ikatikisika. Halafu kicheko kikampungua, akakiangalia kidole chake.

"Hata mimi," akasema polepole. "Lokori hakukuwa na kalenda."

"Mheshimiwa, kina Ekeno Nabei ni wangapi huko Lokori?"

"Ninaye binamu mmoja. Tumepewa jina la babu." Akakunja uso. "Huyo ni mwizi wa mbuzi. Yuko ndani sasa."

"Mkijiandikisha wote wawili hapa, mfumo unasema ninyi ni mtu mmoja. Anayebaki ni aliyetangulia kujiandikisha. Mwingine anafutwa, na anatumiwa ujumbe wa kumshukuru."

Mheshimiwa akakirudisha kidole mfukoni, na mkono wote ukafuata.

"Bwana Morgan," akasema, kwa upole uliowafanya walinzi wake wasogee, "mimi ni nani kati ya hao wawili?"

Bwana Morgan akatafuta mfukoni, akampa kadi yake.

"Unahitaji dakika ngapi, binti yangu?" Mheshimiwa akauliza.

"Ishirini."

"Nitakunywa chai. Na huyu apelekwe kivulini, avuliwe hiyo tai kabla hajatufia mbele ya kamera."

Uwanja ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, fundi wa jenereta akapiga spana kwenye pipa. Apua alikuwa ameshageuka, amtafute Aluel.

Aluel alikuwa amesimama chini ya mlingoti wa antena, mkono juu, na simu ilikuwa inaita.

Akaipokea. Akaiweka kwa sauti ya nje. Hakukuwa na injini. Kulikuwa na upepo, na mahali fulani mbali kengele ya ng'ombe.

"Nimeshuka," Alier akasema.

Aluel akacheka na kulia kwa pamoja, kelele isiyo na maneno, na mama mmoja asiyemjua akamkumbatia na kulia naye bila kujua sababu.

"Niliruka. Goti limevimba. Lori limeenda na begi langu, na viatu viko ndani ya begi. Nimepanda kilima kutafuta mtandao. Chaji ni kidogo, Aluel. Uko wapi? Niambie nije."

"Kaa hapo hapo! Sisi tunakuja! Kuna gari hapa, kuna mheshimiwa, kuna..."

"Aluel, ngoja." Sauti ikashuka. "Kuna watu watatu wanapanda kilima. Wana bunduki."

Mama aliyemkumbatia Aluel akamwachia.

"Wanasema nini?" Apua akauliza, na Aluel, aliyekuwa anamtafsiria kila neno, akarudia kwa Kidinka.

"Sielewi lugha yao. Kuna ng'ombe wengi huku chini, nimepita katikati yao bila kujua ni wa nani. Mmoja ananionyesha ng'ombe, halafu ananionyesha mimi. Anauliza kitu. Anauliza tena. Amekasirika."

Apua hakuhitaji kuambiwa ni swali gani. Mtu mgeni, hana viatu, hana mzigo, ametokea katikati ya ng'ombe wa watu kwenye njia ya mpakani. Kwao Nakalale, mtu wa namna hiyo ana jina moja tu, na jina hilo ni mwizi.

Akaichukua simu mkononi mwa Aluel. Betri upande wa pili ilianza kulia, tii, tii.

"Alier, mimi ni Apua. Mimi ndiye niliyemwambia dada yako angoje," akasema kwa Kiswahili. "Usikimbie. Mpe simu huyo mwenye bunduki."

Akasikia simu ikipokewa na mkono mwingine. Akasikia mtu akipumua, pumzi ya mtu aliyepanda kilima kwa haraka. Aluel alikuwa ameshika nguo ya Apua begani, ameikunja yote ndani ya ngumi.

"Ejok," Apua akasema, akiomba wawe watu wa lugha yake.

Upande wa pili hakuna aliyeitikia salamu.